Masanduku Sita na Mtani Mmoja

Siku hiyo ilianza na viazi. Mpishi wa zamu ya asubuhi alikuwa amelala na homa, kwa hiyo mimi, mtunza stoo, nikaketi kwenye ngazi ya jiko la kambi nikimenya viazi ndoo mbili kwa kisu butu. Nyuma ya jiko jenereta ilikuwa inanguruma vizuri, maana yake Rashidi alikuwa ameshaamka. Ikikohoa, ujue Rashidi bado yuko kitandani.

Kambi ilikuwa kaskazini mwa Msumbiji, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mto Ruvuma. Nchi ile ilikuwa vitani. Wapiganaji wa msituni walikuwa wanachoma vijiji na kuchinja watu, na huko huko, chini ya bahari, kulikuwa na gesi. Vijiji viliungua muda mrefu bila mgeni kutokea. Gesi ilipokaribia kuguswa, serikali za Magharibi zikaingiwa na huruma. Zikaleta wanajeshi wao kuwafundisha wanajeshi wa Msumbiji, na wanajeshi hao walihitaji kula. Ndipo mtu wa kati akapita Mtwara na Songea kutafuta wapishi, wafua nguo na mafundi wanaojua Kiswahili, na mimi, mjane mwenye watoto wawili shuleni, nikajiandikisha.

Naitwa Skolastika. Kambini waliniita Mama Skola. Ni Mngoni wa Matogoro, nimesoma Peramiho, na hilo la Peramiho inabidi nilieleze, kwa sababu ndiko kosa langu lilikoanzia. Wazungu niliowajua utotoni walikuwa mapadre na mabruda wa abasia. Walikuja vijana, wakalima, wakatibu watu, wakazeeka, wakazikwa pale pale. Makaburi yao nimeyapalilia kwa mikono yangu nikiwa mwanafunzi. Kwa hiyo kichwani mwangu mzungu alikuwa mtu anayekuja, anakaa, anazikwa. Sikujua kwamba mtu wa Mungu na mtu wa serikali ni watu wawili tofauti hata wakifanana pua.

Rashidi yeye hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa Myao wa Tunduru, fundi wa jenereta, mwembamba kama ufito, mwenye ndugu pande zote mbili za Ruvuma. Alikuwa mtani wangu. Kwa asiyejua, Wangoni na Wayao babu zetu walipigana, wakatekana, wakauana, mpaka walipochoka wakabaki na haki ya kutaniana. Mngoni anaweza kumtukana Myao mbele ya mkwewe. Myao anaweza kuingia msibani kwa Mngoni akajilaza kwenye kitanda cha marehemu na kudai chakula. Hakuna wa kukasirika, na anayekasirika anatozwa faini.

Karibu kila wiki Rashidi alikuwa anakuja mlangoni pa stoo amenuna, anavua kofia, anasema kwa sauti ya msiba kwamba leo si utani, Wangoni wenzangu wamevamia kutoka Kusini, wanakimbia kama kawaida yao, hawajui wanakokimbilia, na mimi nifunge virago. Nami nilikuwa namwambia Wangoni wakija atakayeonekana ananing'inia juu ya mkorosho ni yeye. Wapishi walikuwa wanacheka. Siku nyingine hata kapteni alikuwa anacheka.

Huyo kapteni ndiye aliyekuwa mkuu wa wakufunzi wa kigeni. Jina lake sitaliandika, si kwa heshima, ila sitaki likae kwenye karatasi moja na la Rashidi. Alikuwa amejifunza Kiswahili Nairobi. Nilikuwa nampelekea chai ya tangawizi saa nne, na siku moja nilimfundisha methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Aliipenda sana. Aliiandika kwenye ubao wa ofisi yake kwa wino wa bluu, na kila mkubwa aliyekuja kutoka kwao kukagua alimsomea. Mimi nilisimama na sinia la vikombe nikiona fahari.

Nirudi kwenye viazi. Rashidi alikuja akavua kofia. Alikuwa amenuna.

"Mtani, leo si utani," alisema. "Shemeji yangu amepiga simu. Wamepita kijijini kwake jana jioni, wengi, na uso wao uko huku. Gari la mboga linaondoka saa saba. Nimeshaongea na dereva, ana nafasi mbili."

Nilimtupia ganda la kiazi.

"Ni Wangoni tena?" nilimuuliza. "Au safari hii umeogopa Wamakonde?"

Wapishi wawili waliangua kicheko. Rashidi alilitoa lile ganda begani, akanitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasema tena kwamba si utani. Lakini ndivyo alivyokuwa anasema siku zote. Mtani anayesema leo si utani ndiye anayetania hasa. Nilicheka mpaka machozi. Nayaandika haya bila kuyapamba kwa sababu miaka mingi niliyaficha.

Ilipofika saa sita nikaona hajala. Rashidi na ugali walikuwa hawaachani, hata akiwa na homa. Hapo nikaingiwa na shaka. Nikamwekea kapteni chai ambayo hakuwa ameiagiza, nikaenda ofisini kwake, nikamweleza nilichoambiwa. Nilitegemea astuke. Hakustuka.

"Tunajua, Mama Skola," alisema. "Tunawaona kutoka juu tangu juzi. Usiwe na wasiwasi. Nyinyi ni watu wetu."

Nilitoka pale nikitembea kwa madaha. Nikamfuata Rashidi kwenye banda la jenereta, nikamwambia basi tulia, wenye macho angani wanajua kila kitu tangu juzi. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Alisema, taratibu, kwamba mtu asiyejua unaweza kumsamehe, ila anayejua na hasemi ni wa kumkimbia. Akaniomba tuondoke. Nikakataa. Nilimwambia nina stoo ya watu, siwezi kuitelekeza kwa maneno ya shemeji wa Myao.

Saa saba gari la mboga liliondoka. Angeweza kupanda peke yake. Nilimwona amesimama karibu na mlango wa gari, akaongea na dereva, kisha akarudi akikokota miguu. Alisema hawezi kwenda Tunduru akawaambie watu kwamba amemwacha mtani wake kwenye viazi, watamtoza faini ya mbuzi. Lile gari lilifika salama. Nilikuja kujua baadaye.

Saa tisa na robo tulisikia mlio wa kwanza.

Haukuwa mkubwa. Ulitoka upande wa soko la kijiji. Kisha ikafuata mingi.

Wanajeshi wa Msumbiji waliokuwa langoni walikimbilia kwenye mahandaki. Moshi ulipanda kutoka kijijini. Watu wa kijiji walikuja mbio mpaka kwenye uzio wetu, wanawake wenye watoto mgongoni, wakapiga kelele wafunguliwe. Lango halikufunguliwa.

Helikopta mbili zilishuka kwenye uwanja wa mpira.

Kapteni alitoka ofisini na fulana ya kuzuia risasi. Alituita sisi wafanyakazi kwa majina, mmoja mmoja, kwa adabu ile ile ya siku zote. Alisema tumsaidie kubeba vitu haraka. Tulifurahi. Mtu akikuita jina lako wakati wa hatari unajua umehesabiwa.

Yalikuwa masanduku ya chuma, ya kijani, marefu, yamefungwa kwa kufuli. Sita. Tulibeba wawili wawili, mimi na Rashidi sanduku moja, mbio, vumbi la helikopta likitupiga machoni. Mimi ni mtunza stoo. Mtunza stoo mzuri hahitaji mizani, mkono unamwambia. Kila sanduku lilikuwa na uzito wa mwanamume aliyeshiba.

Tulirudi tukabeba la pili.

Yalipangwa ndani, yakafungwa mikanda. Mikanda ile ile ya kufungia watu. Kisha wageni wakapanda, wote, mmoja hakubaki. Nilisimama chini ya mlango nikimtazama kapteni nikisubiri atuite tena kwa majina.

"Inarudi?" nilimuuliza.

"Inarudi," alisema.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama masanduku.

Mlango ukafungwa.

Tulikuwa zaidi ya thelathini uwanjani. Tulizitazama mpaka zikawa ndogo. Mfua nguo mmoja, dada wa Mueda, alizipungia mkono. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea.

Rashidi ndiye aliyezinduka wa kwanza. Alikimbia bandani akarudi na koleo lake kubwa la kukatia waya, akaanza kukata uzio wa nyuma, waya baada ya waya, sisi tumelala kifudifudi nyuma yake. Alikuwa ametoboa tundu la kupita mtu na ameshasogea pembeni kutupisha, ndipo risasi ikampata nyongani. Hakulia. Alisema tu, "Piteni."

Tulipita. Mimi na mzee mmoja mtunza bustani tulimshika kwapani.

Helikopta haikurudi. Nilitega sikio jioni yote, na kesho yake asubuhi, na kesho yake mchana. Hata pale nilipojua ni ujinga niliendelea kutega. Hiyo ndiyo sehemu inayonikera kuliko zote, kwamba niliwangoja.

Tulitembea siku mbili na nusu. Tuliobaki pamoja tulikuwa saba. Tulikula mihogo mibichi, tukanywa maji ya madimbwi. Rashidi nilimfunga nyonga kwa kanga yangu, na kila nilipoifungua kuikamua nilijua tunakimbizana na kifo. Daktari wa kambi angemzuia asife. Nilimwona daktari huyo akipanda, na mkoba wake, wa nne kutoka mwisho. Jeraha lile halikuwa la kuua mtu aliye kwenye helikopta. Lilikuwa la kuua mtu anayetembea.

Tuliufikia Ruvuma siku ya tatu, asubuhi. Tanzania ilikuwa inaonekana ng'ambo, miti, mchanga, mtu mmoja anafua. Mzee mtunza bustani alienda kutafuta mtumbwi. Rashidi tukamlaza kwenye mchanga, kichwa mapajani kwangu. Midomo ilikuwa imekauka. Nikaanza kulia.

"Usinililie," alisema. "Wewe ni ndugu yangu mpaka unililie? Nitukane."

Nilisema siwezi. Akasema basi nitalipa faini.

Nikamtukana. Nilianza kwa sauti ya kukatika kisha ikakaa sawa. Nilimwambia Wayao ni watu wa aibu, mto wa mlangoni kwao unawashinda kuvuka. Nilimwambia mto huu unaanzia kwetu Matogoro, juu ya shamba la mama yangu, na nikiwa mtoto nilikuwa nauruka kwa mguu mmoja nikienda kuokota kuni. Mtoto wa kike wa Kingoni anauruka, na yeye mwanamume mzima, fundi, amelala kando yake kama mgomba uliokatwa.

"Ndiyo maana maji yake yananuka Ungoni," alisema.

Alicheka, na kucheka kulimuumiza. Akaniambia nitukane tena. Nikamtukana ukoo, nikamtukana kofia yake, nikamtukana jenereta yake inayokohoa. Nilitukana muda mrefu. Mzee aliporudi na mtumbwi alinishika bega akaniambia binti yangu, nyamaza sasa, hakusikii.

Mzee huyo alikuwa Mwislamu. Alimwosha kwa maji ya mto, akamswalia, tukamzika kwenye ukingo, upande wa Msumbiji, kwa kuchimba na lile koleo lake na mikono. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Ukingo ule ulimomonyoka wote, kaburi likaenda na mto. Nilirudi kulitafuta mwaka uliofuata nikakuta maji.

Nilipofika Tunduru kwa mama yake, Biti Salumu, nilidanganya. Nilimwambia ilitokea ghafla. Hakuna aliyejua, mama. Hakuna hata dalili. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumzika mwanawe, na mimi nikaipokea shukrani ile nikaiweka kifuani ikaoza humo. Nikarudi Songea, nikafungua mgahawa mdogo Bombambili, wali, ugali, maharage, dagaa wa Nyasa, chai ya tangawizi. Chai ya tangawizi nilikuja kuiacha. Wateja wakiuliza nasema tangawizi imepanda.

Kanisani siku hizi nasali kama watu wengine, ila tunapofika kwenye maneno ya Baba Yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea, nafunga mdomo. Wenzangu wanasema, mimi nanyamaza, kisha naungana nao mbele. Nilimweleza padre kwenye kitubio. Akaniuliza nataka wapate nini hasa. Nilimwambia nataka kapteni asimame siku moja kwenye uwanja wa mpira, ametokwa na damu, aione ndege inaondoka na viti vimekaliwa na vyuma. Padre akasema tutaendelea kuongea. Bado tunaongea.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, baridi ya Songea imeshika, walikuja. Mwanamke wa kizungu mpole, wa umri wa binti yangu, kutoka serikali ya kapteni, pamoja na mkalimani wa makamo kutoka Dar. Walikuwa wameniandikia kabla. Walitaka kufunga faili la kambi ile, na kwa upande wa Rashidi zilihitajika sahihi mbili, ya mtu aliyekuwepo na ya mzazi. Biti Salumu alikuwa amepanda basi kutoka Tunduru siku iliyotangulia, akalala kwangu. Asubuhi nilimsalimia shikamoo nikashindwa kumtazama usoni.

Tulikaa kwenye meza ya nyuma baada ya wateja wa chai kuondoka. Yule dada alisema serikali yao inasikitika sana. Alisema hivyo kwa dhati, sikatai. Kisha mkalimani akaisoma karatasi kwa Kiswahili. Ilikuwa fupi. Ilisema shambulio lilikuja ghafla, bila dalili yoyote ya awali. Ilisema wafanyakazi wenyeji walijulishwa kuhusu usafiri, na kwa bahati mbaya nafasi hazikutosha kwa wote. Ilisema tunaosaini tunathibitisha hivyo.

Kalamu ikawekwa mbele yangu. Ilikuwa nzuri, nzito, ya chuma.

Ni lazima nieleze nilichokiona pale. Ile sentensi ya kwanza ilikuwa ya kwangu. Bila dalili yoyote. Ndiyo niliyomwambia Biti Salumu kwa mdomo wangu, sasa imerudi imepigwa muhuri. Nikisaini, kapteni anakuwa hakujua, na mimi nakuwa sikujua. Viazi vinafutika, na kicheko kinafutika. Walikuwa wananipa nafasi kwenye helikopta yao, miaka imepita, na safari hii kweli kulikuwa na kiti changu. Kilikuwa karibu na cha kapteni.

Nikaisogeza kalamu. Nilimgeukia Biti Salumu, nikamwambia mama, mimi nilikudanganya.

Nikamwambia yote. Simu ya shemeji, nafasi mbili za gari la mboga, ganda la kiazi begani kwa mwanawe. Nikamwambia jinsi nilivyocheka. Nikamwambia kuhusu chai, na kapteni kusema wanawaona tangu juzi. Nikamwambia kwamba Rashidi alirudi kutoka mlangoni pa gari kwa ajili yangu. Mkalimani alikuwa anatafsiri kwa sauti ya chini, na yule dada alikuwa ameacha kuandika.

Nilipofika kwenye masanduku nilisimama. Kwenye kona kuna gunia la maharage ambalo nilikuwa nimeshatoa debe mbili. Nilimwambia mkalimani amwombe dada walibebe wao wawili mpaka kwenye gari lao, mbio, wasiliburute. Walidhani nimechanganyikiwa, lakini walibeba. Walifika nalo mlangoni tu. Waliliweka chini. Nikawaambia walirudishe. Wakalirudisha, jasho linamtoka yule dada na baridi ile.

"Huo ndio uzito wa sanduku moja," nilimwambia. "Yalikuwa sita. Mawili niliyabeba mimi na Rashidi, yakafungwa mikanda ya watu. Andika hapo kwamba nafasi zilitosha."

Alianza kulia. Nilimtazama akilia na sikuhisi chochote kupungua. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kidogo, nisiseme uongo, kisha furaha ikaisha na Rashidi akawa bado hayupo.

 Biti Salumu ni mwanamke mdogo, mweusi, mikono migumu ya korosho. Alijifunga ushungi vizuri, akamwambia mkalimani atafsiri neno kwa neno.

"Huyu alimcheka mwanangu," alisema, akininyooshea kidole, "kwa sababu ni mtani wetu. Babu zake na babu zangu waliuana uso kwa uso, ndipo wakapata haki ya kuchekana. Nyinyi mlijua tangu juzi mkamnyamazia mwanangu. Mmenyamaza kwa utani gani?"

Mkalimani alitafsiri.  Biti Salumu alisubiri jibu kama mtu anayesubiri chenji, mkono uko mezani, kiganja juu. Halikuja. Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akamrudishia mkononi bila kuisaini, akamwambia safari njema.

Waliondoka. Nikabaki nimesimama katikati ya mgahawa. Nilimwambia mama, mimi na wewe je. Akasema mimi hajanisamehe, nisijidanganye. Ana faini yake.

Nikasema aitaje, mbuzi, chochote.

"Yale matusi," alisema. "Aliyoyasikia mwisho. Utakuja Tunduru kila mwaka siku ile, usimame mlangoni kwangu, unitukane mimi vile vile, usiache hata moja. Anza sasa, nisikie."

Nilishika ukingo wa meza. Nikamwambia Wayao ni watu wa aibu, mto wa mlangoni kwao unawashinda kuvuka. Nikafika kwenye kofia. Nikafika kwenye jenereta inayokohoa. Alisikiliza amefumba macho, kichwa kinatikisika kidogo kidogo, na nilipomaliza aliniuliza yeye alijibu nini. Nikamwambia alisema maji ya Ruvuma yananuka Ungoni.

Biti Salumu alicheka. Alicheka kicheko kile kile cha mwanawe, cha puani, halafu akalia mpaka mchana.

Barua imekuja tena mara mbili tangu hapo, ya upole zaidi kila mara. Wanasema faili haliwezi kufungwa bila sahihi zetu. Basi libaki wazi. Sina bunduki, sina ndege, sina macho angani. Kitu pekee duniani ambacho serikali ile inakihitaji kutoka kwangu ni jina langu chini ya uongo wao, na nimewanyima, na binti yangu nimeshamwelekeza, hata nikifa asisaini. Najua hakimrudishi Rashidi. Najua pia kwamba mimi nina sehemu yangu, na yangu nailipa kila mwaka mlangoni pa mwanamke mmoja Tunduru. Na wao waje walipe ya kwao. Njia wanaijua.

Siku ile waliondoka kwa haraka, wakasahau kalamu yao mezani. Ndiyo ninayoandikia haya.